Waya mmoja, roho thelathini

Leo naomba tuiache siasa na bei ya unga, tuingie chini ya boneti. Najua wapo watakaosema kwamba injini ni mambo ya mafundi, na kwamba mwandishi wa habari amepewa kalamu, hakupewa spana. Ni kweli. Lakini abiria naye ana roho, na akishapanda gari roho hiyo imo mikononi mwa injini na fundi aliyeifunga. Kwa hiyo tusikilizane.

Mada yetu ni waya mmoja tu: ule unaokwenda kwenye pampu ya dizeli baada ya gari kubadilishwa injini.

Kubadili injini ni jambo la kila siku katika nchi yetu. Bodi ya gari bado ni nzima, viti vinakalika, lakini injini imekula oili mpaka imechoka. Mwenye gari anakwenda Gerezani au Ilala, anachagua injini ya mtumba iliyotoka Japani, mafundi wanashusha ya zamani na kupandisha nyingine. Wengine walikuwa na petroli wanahamia dizeli kwa kuwa dizeli haili sana na ina nguvu ya mzigo. Mimi silaumu. Ufundi huo ndio umeyaweka barabarani magari ambayo kwingine yangekwisha kuwa vyuma chakavu, na umewalisha watoto wengi.

Taabu huanza pale kazi inapokaribia kwisha. Injini imekaa, gia boksi imeungana nayo, rejeta ina maji. Jua linazama. Mwenye gari amesimama pembeni, kila dakika anauliza, “Vipi fundi, tayari?” Na kilichobaki ni umeme. Hapo ndipo unapochomolewa waya wowote wenye moto, unasokotwa na mwingine, unapigwa selotepu, injini inanguruma, watu wanapiga makofi. Injini imewaka! Naam, imewaka. Lakini je, itazimika? Na je, itaendelea kuwaka pale unapoihitaji?

Hebu tuelewane kwanza kuhusu tabia ya dizeli. Injini ya petroli huwashwa na cheche za plagi. Ukizungusha ufunguo kuzima, umekata cheche, na moto umekufa. Dizeli haina cheche. Yenyewe huibana hewa ndani ya silinda, mara 15 mpaka 20 na zaidi, mpaka hewa ile inakuwa ya moto mkali. Nozeli ikirusha mafuta humo, yanawaka yenyewe. Zile plagi za hita ni za kusaidia asubuhi kukiwa na baridi. Injini ikishashika moto haziihusu tena. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, injini ya dizeli iliyokwisha kuwaka haikuombi umeme. Maadamu mafuta yanaingia na hewa ipo, itanguruma mpaka tangi likauke. Kuizima kuna njia moja ya adabu: kuinyima mafuta.

Zamani dereva alivuta kamba iliyokwenda mpaka kwenye pampu. Miaka ya 1970 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta pampu ndogo ya kugawa mafuta inayojulikana kwa herufi VE, na Wajapani wakaitengeneza kwa leseni. Ndiyo pampu ya aina hiyo utakayoikuta kwenye injini za 2L na 3L zilizojaa katika Hiace na Hilux zetu, na kwenye 1HZ ya Land Cruiser na Coaster. Juu ya kichwa cha pampu hiyo, jirani na vibomba vya kwenda kwenye nozeli, kuna kidude kama kidole gumba chenye waya mmoja. Kinaitwa solenoidi.

Ndani yake mna sumaku ya umeme, springi na kijiti cha chuma. Umeme ukifika, sumaku inakivuta kijiti juu na mafuta yanapita. Umeme ukikatika, springi inakisukuma chini na njia inafungwa. Angalieni hekima ya waliobuni: mlango huu unajifunga wenyewe. Gari likipinduka, betri ikang'oka au nyaya zikakatika, injini inanyimwa mafuta bila mtu kugusa kitu. Hiyo ndiyo amana tunayoichezea kwa selotepu.

Sasa waya huo uchukue moto wapi? Mafundi wa haraka wana majibu matatu, na yote matatu ni mabaya.

La kwanza ni kuuchukua moja kwa moja kutoka betri. Injini itawaka vizuri sana. Lakini ufunguo hauna tena amri, na ukipita usiku kucha hivyo, solenoidi inainyonya betri mpaka asubuhi unawaita vijana wasukume. Wengine huweka swichi ndogo chini ya dashibodi. Swichi hiyo wanaijua dereva na utingo wake. Siku ya ajali, dereva amebanwa na usukani, nani ataitafuta gizani?

La pili ni kuuchukua kwenye waya wa redio, ule wenye moto ufunguo ukiwa hatua ya kwanza. Magari mengi hukata moto huo wakati stata inazunguka, ili nguvu yote ya betri iende kwenye stata. Matokeo yake ni kichekesho: stata inazunguka, mafuta yamefungwa. Ukiachia ufunguo, moto unarudi na stata imekwisha kusimama. Hapo fundi analaumu pampu, mwenye gari anaambiwa anunue nyingine, na pesa inakwenda kwa kosa la waya.

La tatu ni la hila zaidi: kuuchukua kwenye nyaya za alteneta. Unazima ufunguo, lakini alteneta bado inazungushwa na injini, nayo inazalisha umeme, umeme unaishikilia solenoidi wazi, na injini inaendelea kuizungusha alteneta. Kila mmoja anamlisha mwenzake, na dereva ameushika ufunguo mkononi akishangaa.

Jibu sahihi ni la nne. Waya uchukue moto kwenye swichi ya ufunguo, katika tundu ambalo lina moto gari likiwa limewashwa na pia wakati stata inazunguka, na ambalo linakufa kabisa ufunguo ukizimwa. Upitie kwenye fyuzi yake ndogo. Uwe mnene wa kutosha, maana waya mwembamba mrefu huula umeme njiani. Unapopenya ukuta wa injini uvishwe mpira, usikwaruzwe na bati. Uwe mbali na bomba la moshi. Mwisho wake ufungwe kwa nati juu ya solenoidi na kufunikwa, usining'inie kama kamba ya kuanikia nguo.

Kuna mengine mawili ambayo husahauliwa. Moja ni volti. Injini ileile ya 1HZ hupatikana kwenye magari ya volti 12 na kwenye mengine yaliyotengenezwa kwa volti 24. Solenoidi ya 24 ukiipa 12 huenda isivute kijiti kabisa, au ivute leo na kesho igome. Ya 12 ukiipa 24 itaungua. Kabla ya kufunga, soma maandishi yaliyogongwa kwenye kidude chenyewe. Ni suala la kukitazama tu.

La pili ni ethi. Solenoidi ina waya mmoja kwa sababu umeme unarudi kupitia mwili wa injini. Lakini injini inakaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Lazima pawepo mkanda mnene wa kuiunganisha injini na bodi na betri. Injini ikibadilishwa, mkanda huo mara nyingi hubaki sakafuni kwenye gereji. Hapo umeme wa stata hutafuta njia yoyote ya kurudi, na mara nyingine huipata kwenye kamba ya eksileta. Kamba inapata moto, inaungua, na hakuna anayejua kwa nini.

Ndugu wasikilizaji, ipo tiba nyingine ambayo si tiba. Solenoidi ikisumbua, wako wanaoifungua, wanakitoa kile kijiti na springi yake, wanaifunga tena tupu. Mafuta yanapita wakati wote. Tatizo limekwisha, wanasema. Niliwahi kusafiri na basi dogo la namna hiyo kwenda Morogoro. Tulipoingia kujaza mafuta, injini ilikuwa inanguruma, tangi likiwa wazi, na watu tumekaa ndani kama thelathini, akina mama na watoto wao migongoni. Nikamwuliza utingo kwa nini hawazimi. Akanijibu kwa upole kabisa: “Mzee, hii haizimiki mpaka uinyonge kwa gia.” Maana yake dereva aweke gia kubwa, akanyage breki, aachie klachi, injini ife kwa kubanwa. Ni kweli njia hiyo inasaidia siku ya dharura. Lakini hapa dharura ilikuwa imegeuzwa utaratibu wa kila siku. Nami nikajiuliza: siku basi hili likilala ubavu bondeni, mafuta yamemwagika na injini bado inaunguruma, nani atakuwa na nafasi ya kuweka gia?

Upande wa pili wa shilingi ni mbaya vilevile. Waya uliosokotwa na kupigwa selotepu hukaa miezi, kisha siku moja mtetemo unaulegeza. Umeme unakatika, kijiti kinashuka, injini inakufa ghafla. Ikitokea mjini kwenye foleni utapigiwa honi tu. Ikitokea kwenye mteremko wa Kitonga na gari limejaa, mambo ni mengine. Breki za gari dogo la dizeli husaidiwa na pampu ya kunyonya hewa, ambayo kwenye Toyota nyingi imekaa mgongoni mwa alteneta. Injini ikifa na kuacha kuzunguka, pampu hiyo nayo imesimama. Dereva atapata breki laini mara chache, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Waya wa bei ya kikombe cha chai ndio utakaoamua nani atafika salama.

Na hapa niwakumbushe wanaohamia dizeli kutoka petroli: injini ya petroli ilikuwa inavuta hewa ya breki kutoka kwenye manifoldi yake. Dizeli haina mvuto huo. Asiyefunga pampu ya hewa amefunga injini na kuacha breki.

Kuhusu injini za umeme mwingi, kama 1KZ-TE, nitasema kwa kifupi. Pampu yake haiishii kwenye waya mmoja. Inaamriwa na kompyuta, nayo kompyuta inasikiliza mzunguko wa injini, joto, na mguu wa dereva. Hata zile rezista ndogo zilizofungwa kwenye pampu zimechaguliwa kuilingana pampu ileile. Anayenunua injini ya namna hiyo na kuacha kompyuta na nyaya zake dukani amenunua ng'ombe akamwacha kichwa sokoni. Na injini mpya zaidi za komoni reli zinadai zaidi ya hayo. Hapo pa kubahatisha hapapo.

Sasa mwenye gari asiye fundi afanye nini? Kabla hujalipa salio, fanya majaribio manne mbele ya fundi. Moja: ufunguo uwe umewashwa na injini haijawaka, fundi autoe waya kwenye solenoidi kisha auguse tena. Lazima usikie “tak”. Usiposikia, umeme haufiki au solenoidi imekufa. Mbili: washa injini ukiwa umewasha taa zote. Ikiwaka bila shida, waya una nguvu ya kutosha. Tatu: zima kwa ufunguo injini ikiwa saileni. Ife palepale. Nne: ikanyage kidogo ipande, kisha zima. Ikikataa kufa, moto unarudi kutoka alteneta. Mwambie fundi kazi haijaisha.

Kwa ndugu zangu mafundi nina ombi. Nyinyi ni waganga wetu, na wengi wenu mmejifunza kwa kutazama mikono ya wakubwa zenu. Lakini kutazama hakukuambii kwa nini. Vyuo vya VETA vinafundisha umeme wa magari. Mtume kijana mmoja wa gereji akasome, arudi awafundishe wenzake. Na kila mnapobadili injini, chukueni karatasi, mchore waya umetoka wapi, umepita fyuzi ipi, umeishia wapi, mumpe mwenye gari aiweke pamoja na kadi yake. Fundi wa Mbeya atakayeletewa gari hilo usiku atawaombea dua.

Nimeitaja kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilika, kadi nayo ibadilishwe huko inakohusika. Usingoje siku ya ajali, mtu wa bima analinganisha namba mbili zisizofanana.

Na kwako abiria: ukiona basi limeingia kujaza mafuta na injini haizimwi, uliza. Uliza kwa sauti, kwa heshima, wenzako wasikie. Umelipa nauli ya kufika, na swali halina nauli.