Mgeni Siku Mbili: Lini Tuanze Kumuuzia Mteja Mpya Aliyetuachia Namba

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wajasiriamali wadogo wa usindikaji wa vyakula, Dar es Salaam

1. Utangulizi



Kila mwaka tunarudi kutoka maonesho ya Sabasaba na vitu viwili: bidhaa zilizobaki na daftari. Bidhaa tunajua la kuzifanya. Daftari ndilo linalotushinda. Mle ndani mna majina ya watu waliosimama kwenye mabanda yetu pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Walionja, wakauliza, wakaandika namba zao za simu, na wengine wakaacha barua pepe. Swali nililopewa ni hili: mtu aliyetuachia namba jana, tuanze kumuuzia lini? Leo hii? Baada ya wiki? Au mpaka tuzoeane?

Wapo wanaosema udongo uwahi ungali maji, mpigie jioni hiyohiyo. Wapo wanaosema mlee kwanza, mpe maarifa ya bure miezi miwili mitatu, biashara itakuja yenyewe. Nimepita njia zote mbili nikiuza viungo, na leo nataka kutetea njia ya tatu.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza msingi wa Ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii zetu kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mimi naileta sokoni, kwa sababu ndani yake mna jambo tunalolipita haraka. Yule mgeni hakuliona jembe kwa mara ya kwanza siku ya tatu. Majembe aliyaona tangu alipobisha hodi, yameegemezwa ukutani. Alijua amefika nyumba ya wakulima. Ndiyo maana akipewa lake hashangai.

Hoja yangu yote ni hiyo. Mteja mpya ajue tangu ujumbe wa kwanza kwamba sisi tunauza. Lakini tusimwombe pesa kabla hatujampa kile alichotuachia namba kwa ajili yake.

2. Kosa la kwanza: kumrukia mgeni mlangoni

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilirudi kutoka maonesho nimechoka, daftari likakaa kwenye mkoba wiki tatu. Nilipolikumbuka, niliandika ujumbe mmoja wenye neno OFA mara tatu na bei ya pilipili manga, nikautuma kwa majina yote. Majibu mengi yalikuwa maneno mawili: “Nani mwenzangu?” Mama mmoja aliandika zaidi. Alisema, “Uliniahidi utanionyesha namna ya kutambua mdalasini halisi. Sasa unaniletea bei ya pilipili.”

Jibu la mama yule limenifundisha kuliko somo lolote la masoko. Namba yake aliitoa kwa shughuli maalumu, naye aliikumbuka shughuli ile. Aliyeisahau ni mimi.

Tukumbuke pia hali ya simu za watu wetu. Mtanzania aliyekwisha kupokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hauangalii tena ujumbe wa namba ngeni kwa jicho jema. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetuhimiza kupeleka jumbe za kitapeli kwenye namba 15040. Mteja wetu yumo katika hadhari hiyo. Ujumbe wa mauzo usio na jina, usiotaja tulikutana wapi, unaonekana ndugu wa ule wa tapeli.

Tena lipo jambo la kiufundi ambalo wengi hatulijui. Ile brodikasti ya WhatsApp, ya kutuma ujumbe mmoja kwa hadi watu 256, humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuseivu haupati. Kwa hiyo kazi ya ujumbe wa kwanza ni kumpa mtu sababu ya kukuseivu. Ukirusha ofa kabla ya hapo, wengi wa daftari lako hawataiona kabisa.

3. Kosa la pili: kulificha jembe uvunguni

Kosa hili linaonekana kama wema, kwa hiyo ni gumu kulikemea. Namfahamu mwenzetu mmoja anayeoka keki. Alifungua kundi la simu akafundisha bure kwa miezi: vipimo vya unga, moto wa jiko la mkaa, namna ya kuzuia keki isipasuke juu. Watu walimshukuru kila siku. Siku alipotangaza kwamba anauza keki za harusi na ana darasa la kulipia, jibu la kwanza kundini lilikuwa, “Kumbe unauza?”

Tulitazame neno hilo kumbe. Ni neno la mtu aliyegundua kitu kilichofichwa. Hakukasirishwa na bei, kwani wakati huo hata bei ilikuwa haijatajwa. Alijiona amekaribishwa kwa jambo moja, kumbe lilikuwapo jingine nyuma yake. Kundi lilipoa. Mwenzetu alikuwa mkweli katika mafunzo yake yote, ila alichelewa kusema yeye ni nani.

Kuuza si aibu, wajasiriamali wenzangu. Muuza machungwa anayemmenyea mpita njia kipande aonje hajifichi kwamba anauza. Sinia liko mbele yake. Kile kipande cha kuonja kinapendeza kwa sababu wote wawili wanajua kinaelekea wapi.

4. Siku huhesabiwa kwa alichokifuata mtu

Basi lini? Sitataja idadi moja ya siku kwa watu wote, kwa sababu majina ya daftarini hayalingani. Nayagawa mafungu matatu.

La kwanza ni walioulizia bei. Mtu aliyesema “nusu kilo ya iliki shilingi ngapi?” amekwisha kushika jembe mwenyewe. Huyu auziwe siku hiyohiyo. Apewe bei kamili, kiasi, gharama ya kumfikishia na namna ya kulipa. Kumwambia kwanza asome historia ya iliki ni kumchosha, na kumficha bei ni kumfukuza.

La pili ni waliofuata maelezo au kionjo, na hawa ndio wengi. Baada ya lile kosa langu, niliongeza safu ya nne kwenye daftari, kando ya jina, namba na mahali anapoishi. Safu hiyo inasema: amefuata nini. Mwaka uliofuata akaja mama mwingine na swali lilelile la mdalasini. Usiku huo nilimtumia picha mbili. Moja ilionyesha mdalasini halisi: maganda membamba mengi yaliyojiviringisha pamoja, unavunjika kwa vidole. Nyingine ilionyesha kasia, jamii yake: ganda moja nene, gumu, linalokataa kuvunjika. Chini nikaandika jina langu, banda tulilokutania, na mstari mmoja: “Mimi nauza mdalasini wa aina ya kwanza na viungo vya pilau. Ukihitaji, uniambie.” Sikutaja ofa wala kumsukuma. Siku ya pili nilimuuliza kama ameukagua ule alionao nyumbani. Siku ya tatu nikamtumia bei. Aliagiza, na mpaka leo ni mteja wangu.

Kwa fungu hili, methali inatosha kuwa ratiba: siku ya kwanza timiza ahadi na ujitambulishe, siku ya pili msikilize, siku ya tatu mpe jembe. Asiponunua siku hiyo, usimwandame kila asubuhi. Mrudie wakati wenye maana kwake: mwisho wa mwezi, kuelekea Idi au Krismasi, au pakiti ya mwanzo inapokaribia kwisha.

La tatu ni majina tuliyoyapata kwa wengine: orodha ya kununua, namba zilizochotwa kwenye kundi la harusi au la wazazi wa shule. Hao si wageni wetu, hawakubisha hodi kwetu. Jibu la lini kwa fungu hili ni kamwe, mpaka wenyewe waje.

5. Sheria inasemaje

Haya si adabu tu. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa ya mtu ikusanywe kwa lengo bayana na itumike kwa lengo hilo. Sheria inampa pia mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Majirani zetu Kenya walitangulia na sheria yao ya mwaka 2019. Kwa hiyo ile safu ya nne ya daftari ina kazi mbili: inakukumbusha la kumwandikia mteja, na inakulinda.

Kwa wanaotumia barua pepe, tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa, ambao kwa Google ni wale wa barua zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku, waweke njia rahisi ya mtu kujitoa, na malalamiko yasifike 3 katika kila barua 1,000. Sisi hatutumi kwa wingi huo, lakini kipimo kinatufundisha. Hata katika watu 1,000, watatu waliochukizwa si wachache.

6. Mapendekezo

Naomba semina hii ikubaliane mambo manne. Kwanza, daftari la kila banda liwe na safu ya “amefuata nini”, ijazwe mteja akiwa bado amesimama mbele yetu. Pili, ujumbe wa kwanza utoke ndani ya siku moja, utaje jina, mahali tulipokutana, kile tulichoahidi, na kwamba tunauza. Tatu, kila ujumbe wa mauzo uwe na neno la kujitoa, kwa mfano “ukitaka nisikutumie tena, andika ACHA”, na anayeandika afutwe siku hiyohiyo. Nne, namba za watu zisiuzwe wala kuazimishana, hata kati yetu wanakikundi.

7. Hitimisho

Ndugu zangu, wengi wenu mna madaftari ya mwaka huu ambayo hayajafunguliwa. Nawaomba, kabla ya kulala leo, mfungue ukurasa wa kwanza, mtafute jina la mtu mliyemwahidi kitu, na mmpelekee kitu hicho. Mwambieni mnauza nini. Bei mtamtajia keshokutwa, naye atakuwa anaisubiri.