Kuhesabu Kabla ya Kuahidi



Mwaka 1906 Carscallen wa Kanada na Peter Nyambo wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, walifika Gendia, karibu na Kendu. Walianza na kituo kimoja, wakajifunza Kijaluo. Baadaye kazi ikaenea hata Kamagambo, upande wa Migori.

Sisi kila Januari twaandika makusudi kumi, na ifikapo Desemba nyumba za wajane zingali zavuja. Yesu alifundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza ahesabu gharama. Basi naomba tuchague mawili tu: mapaa ya wajane na karo ya mayatima. Kila robo mwaka mtunza hazina asome hesabu mbele ya wazee. Ahadi isiyohesabiwa humwumiza aingojaye.