Chinsaga na Managu: Kuanzisha Mbegu Nyumbani

Leo tunazungumza juu ya damu ya mama mjamzito, lakini tutaanzia nyuma ya jikoni, penye udongo.

Mama aliyepungukiwa na damu huchoka upesi, na katika vilima vyetu hivi huhema hata akitoka mtoni na mtungi mdogo. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake yamo hatarini. Kliniki humpa tembe za madini ya chuma na foliki; azimeze, asiziache. Pamoja na tembe, ale chinsaga na managu, mboga zenye madini hayo na vitamini A. Wazee wetu hawakupima chochote, lakini walijua kumpikia chinsaga mama aliyejifungua.

Wengi husema, "Nilipanda chinsaga, haikuota." Hata mimi mara ya kwanza nilimlaumu aliyeniuzia mbegu. Kumbe zilikuwa zimevunwa juzi tu. Mbegu mpya ya chinsaga hulala. Iweke mahali pakavu miezi 3 hadi 6 ndipo uipande. Ukinunua sokoni, uliza ilivunwa lini.

Managu ni tofauti. Chukua matunda yaliyoiva kabisa, yaponde ndani ya maji, uoshe mpaka utelezi uishe, maana utamu wa tunda huzuia mbegu kuota. Anika kivulini. (Matunda mabichi ya kijani watoto wasiyaguse, yanaweza kuwadhuru.) Mbegu hizi ni ndogo mno, kwa hivyo zichanganye na mchanga mkavu zisianguke mahali pamoja.

Lainisha udongo, utie samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Chora mistari, sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine, na usifukie mbegu zaidi ya sentimita 1. Funika kwa nyasi kavu, kwa sababu mvua yetu ikinyesha kwa nguvu hupeleka mbegu kwa jirani. Nyunyizia maji kwa mkebe uliotobolewa. Miche ikichomoza, ondoa nyasi.

Kama shamba ni dogo, anzisha managu kwenye karai kuukuu au gunia, kisha hamisha miche jioni ikiwa na majani 4 hadi 6. Chinsaga usiihamishe, mzizi wake mkuu haupendi kusumbuliwa. Ipande pale itakapokulia, punguza iliyosongamana, na hiyo uliyoing'oa uipike. Baada ya wiki 4 hadi 6 utaanza kuchuma. Kata maua yakitokea, ila acha mashina machache ya mbegu.

Jambo la mwisho, na najua sitapendwa, maana sisi ni watu wa majani chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma. Kikombe kingoje saa moja hivi baada ya kula. Mezani mpe mama pera au chungwa, ambayo husaidia madini hayo kuingia mwilini. Kwaherini.