Asidi Isiyokoma Tumboni
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kata



Asidi ya tumbo si adui. Tezi zilizomo katika ukuta wa tumbo huitoa kila siku ili kusaidia kumeng'enya chakula na kuua vijidudu viingiavyo pamoja nacho. Balaa huanza pale tezi hizo zinapoamrishwa kuitoa kupita kiasi, mwezi baada ya mwezi. Mgonjwa huunguzwa chini ya chembe cha moyo, aghalabu usiku wa manane tumbo likiwa tupu, kisha hutulia akila kidogo.

Hapo mmoja humumunya magadi, mwingine hunywa maziwa, mwingine hununua vidonge vya magnesiamu dukani. Nafuu huja, ila haikai. Maziwa hayohayo yaliyopoza huliamsha tumbo kutoa asidi nyingine. Naye jirani mwenye huruma husema: ni mawazo hayo, yapunguze.

Kwa miaka mingi hata waganga walisema hivyo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kwa hiari bakteria waitwao Helicobacter pylori. Baada ya siku chache alitapika, na uchunguzi ukaonyesha kuwa ukuta wa tumbo lake umevimba. Yeye na Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao wakiweka maskani sehemu ya chini ya tumbo huweza kuzidisha homoni ya gastrini, nayo ndiyo iziamrishayo tezi. Asidi iliyozidi humwagikia mwanzo wa utumbo mdogo na kuuchimba kidonda. Wakiuawa, amri hiyo hupungua. Mtu azimaye asidi pasipo kutafuta chanzo hufagia maji ilhali bomba li wazi.

Chanzo hicho huweza kutafutwa kwa kupima choo. Aliyekuwa akinywa omeprazoli hana budi kumwambia mganga mapema, kwani dawa hiyo huweza kuwaficha bakteria kipimo kikasema hawapo. Kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4, kwa idhini ya mganga. Matibabu ni dawa kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14. Wapo waziachao siku ya 5 wakiona nafuu, na bakteria waliosalia huweza kuwa sugu.

Wazee wanaotuliza magoti kwa diklofenaki au aspirini wajue kwamba dawa hizo huweza kulichubua tumbo hata pasipo bakteria. Vidonda vikirudi licha ya tiba, tena pamoja na kuhara, mganga huwaza pia uvimbe utoao gastrini, ulioelezwa na Zollinger na Ellison mwaka 1955. Ni nadra mno.

Mwenye kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitalini usiku uleule. Vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, lakini wa kutofautisha ni mganga, si mgonjwa aliye kitandani.