Safari ya Motokaa kutoka Dawson City mpaka Inuvik

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kueleza jinsi ya kujiweka tayari kwa safari ndefu ya kaskazini mwa Kanada, kutoka mji wa Dawson City mpaka Inuvik. Barabara yake huitwa Dempster. Ilifunguliwa mwaka 1979, na urefu wake wapita kilomita 730.

Jambo la kwanza ni kuchagua majira. Barabara hiyo hukatwa na mito miwili mikubwa, Peel na Mackenzie, wala hapana daraja. Wakati wa joto magari huvushwa kwa pantoni. Wakati wa baridi kali hupita juu ya barafu ya mto. Lakini maji yanapoanza kuganda, na tena barafu inapovunjika, pantoni haiendi wala barafu haikanyagiki. Afikaye siku hizo hukwama ukingoni. Basi yampasa msafiri aulize kwanza habari za mito.

Jambo la pili ni petroli. Tangi lijazwe Dawson City, kwa maana kituo cha Eagle Plains ki mbali, yapata kilomita 400.

Jambo la tatu ni mipira ya magurudumu. Ardhi ya huko chini imeganda mwaka mzima. Kwa hiyo wajenzi walirundika juu yake changarawe nene, ili isiyeyuke barabara ikadidimia. Changarawe hiyo hukata mipira. Twashauri kuchukua miwili ya akiba, si mmoja.

Na mto ukiwa haupitiki, tukumbuke neno la wazee: kawia ufike.