Mwili na Nafsi: Elimu Mbili Zinazotusubiri

(Hotuba kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao)

 

Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mliomaliza mtihani, Ramadhan Karim. Nimeombwa niseme juu ya masomo ya chuo. Futari iko karibu, kwa hivyo sitarefusha. Nitataja fani mbili tu: saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mienendo ya binadamu, na fiziotherapia, yaani tiba ya viungo.

Mbona hizi mbili pamoja? Chukueni mfano wa mzee aliyepatwa na kiharusi. Upande mmoja umepooza. Hospitali imemruhusu, yuko nyumbani kitandani, watu wanakuja kumpa pole. Sasa nani atamfundisha kugeuka, kukaa, na kusimama? Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, lakini sehemu nyingine zaweza kujifunza kazi upya, mradi mazoezi yaanze mapema na yarudiwe tena na tena. Akiachwa amelala tu, viungo hukakamaa na mgongo hufanya vidonda. Nasi kwa huruma zetu twamvuta kwa ule mkono uliopooza ili tumkalishe, kumbe twaliumiza bega. Hayo ndiyo anayoyajua mtu wa fiziotherapia.

Lakini kuna la pili. Takriban mtu mmoja katika kila watatu wanaopata kiharusi huingiwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Mzee hataki kula, hataki mazoezi, hataki hata kuongea. Nyumbani watasema imani imepungua, au ana jini. Kisomo tusome na dua tuombe, lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda kwa mtaalamu. Nafsi isipotibiwa, mwili nao hauinuki.

Ndugu zangu, elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua na hutibika. Katika zama zetu, Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, alitumia umri wake kuwaonyesha Waislamu namna ya kusoma saikolojia bila kuiacha dini yao. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya swala na Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Basi kumsaidia mgonjwa atoke ubavuni hadi kukaa, na kutoka kukaa hadi kusimama, ni kazi ndogo hiyo?

Sasa tuje kwenye neno gumu. Mama zetu wengi hawataki kushikwa mguu au nyonga na mwanamume asiye maharimu. Twasema ni stara, na ni kweli. Lakini binti akitaka kusomea fiziotherapia, baba huyo huyo husema, "Kazi gani hiyo ya kukanda watu?" Jamani! Mabinti tukiwakataza, mama zetu watahudumiwa na nani? Maulamaa wametufundisha fardhi kifaya: baadhi wakiifanya, wengine wamesalimika, asipoifanya yeyote, dhambi ni yetu sote. Na Imam Ghazali aliutaja utabibu miongoni mwake.

Njia zipo. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, hufundisha diploma ya fiziotherapia kwa miaka mitatu. Saikolojia husomwa kwa digrii ya miaka minne, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Kenyatta. Jueni pia kuwa mwanasaikolojia si sawa na daktari wa magonjwa ya akili. Huyo wa pili husoma udaktari kwanza, na ndiye mwenye kuandika dawa.

Wazazi, hapa muwe macho. Mwaka 2014 zilipitishwa sheria mbili. Kwa sheria hizo, fiziotherapia ikawa na Baraza lake, na washauri nasaha na wanasaikolojia wakawa na Bodi yao. Kabla hujauza dhahabu ya mama ulipe karo, uliza: je, kozi hii yatambuliwa? Wengine wana jamaa Marekani. Huko kuna cheo cha msaidizi wa fiziotherapia. Husomewa kiasi cha miaka miwili, kisha kuna mtihani wa leseni, na msaidizi hufanya kazi chini ya mtaalamu kamili. Ukiambiwa usome kozi ya usaidizi hapa halafu uvuke, hakikisha kwanza kwamba cheti chako kitakubaliwa kule.

Nawaachia kazi moja moja kabla ya Idd. Kijana, nenda hospitali iliyo karibu nawe, uombe kuongea na mtu wa fiziotherapia au mshauri nasaha, umuulize siku yake huendaje. Mzazi, mkalishe mwanao, hasa binti, umsikilize mpaka amalize, ndipo ujibu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.