Dumu tupu mlangoni mwa choo
Kila tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, shule zetu za msingi huimba na kupigwa picha. Kesho yake, mara nyingi, dumu la kunawia ni kavu. Mtoto wa darasa la tatu atakutajia magonjwa ya mikono michafu, yaani kipindupindu, kuhara na minyoo, bila kukosea, mtihani kaufaulu. Akitoka chooni atanawa wapi? Kibuyu chirizi hakingoji mfadhili: dumu la lita 5 lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kikining'inia pembeni. Kazi ni kulijaza kila asubuhi, na hapo mwalimu wa afya huachwa peke yake. Kamati ya shule, ambayo michango ya mahafali haijawahi kuishinda, iingize sabuni kwenye bajeti.